Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeokoa taya za watoto wa Afrika Mashariki

MZAZI wa Kibaha au Kisarawe akiona meno ya mwanawe yanalegea kabla ya wakati, kisha shavu linaanza kuvimba, jambo la kwanza linalomjia akilini ni jino bovu. Mara nyingi huwa hajakosea.

Lakini katika ukanda wa joto, mvua na mbu kama ule wa Mkoa wa Pwani, dalili hizo zinaweza pia kuwa mwanzo wa saratani ya watoto ambayo ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote zinazompata binadamu.

Saratani hiyo hujulikana duniani kote kwa jina la Burkitt. Jina hilo si la mji wala la mdudu, bali ni la daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kwa takriban miaka 20, na ambaye mwaka 1961 alikatiza Tanganyika ndani ya gari kuukuu akiuliza swali moja katika kila hospitali aliyofika.

Denis Parsons Burkitt alifariki dunia Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Zaidi ya miongo mitatu baada ya kifo chake, watoto wa ukanda huu wanaendelea kupona taya zao zikiwa mahali pake kutokana na kazi iliyoanzishwa na mtu huyo, ambaye mwenyewe aliliona jua kwa jicho moja tu.

Maisha yake ni ya mpasuaji aliyekubali kwamba kisu chake kimeshindwa, kisha akatoka nje ya chumba cha upasuaji kwenda kutafuta jibu barabarani.

Jicho lililopotea

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyesimamia barabara na madaraja.

Mbali na kazi hiyo ya mkate wa kila siku, mzee huyo alikuwa na mapenzi makubwa ya kuchunguza ndege. Aliwavalisha pete miguuni ndege wadogo wa bustanini kwake na kuchora ramani za mipaka ya maeneo ambayo kila mmoja aliyalinda. Uchunguzi wake ulikuja kuheshimiwa na wataalamu wa ndege.

Tabia hiyo ya kuchora ramani ili kuelewa jambo ilimwingia mtoto. Miaka mingi baadaye ndiyo iliyompa jina.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto. Miwani yake ilivunjika, na jicho moja likapotea kabisa. Kwa kijana mwingine, huo ungekuwa mwisho wa ndoto ya kushika kisu cha upasuaji, kazi inayodai macho makini kuliko nyingi.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, akifuata nyayo za baba yake. Hakudumu huko. Imani yake ya Kikristo, iliyoimarika chuoni, ilimfanya aamini kwamba ameitwa kuwa daktari. Alihitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa za upasuaji mjini Edinburgh.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto, aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika. Maombi yake yalikataliwa kwa sababu ya lile jicho.

Jeshi, hata hivyo, lilimpokea. Akiwa daktari wa kijeshi alihudumu Afrika Mashariki na baadaye Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Aliiona Uganda, akaipenda, na vita vilipomalizika aliomba tena. Mwaka 1946 alipokewa na kupangiwa kazi Lira, kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na mkewe Olive, muuguzi aliyemuoa mwaka 1943.

Ramani ya mabusha

Lira ilikuwa na hospitali ndogo iliyohudumia eneo kubwa. Daktari alikuwa ndiye mpasuaji, mkunga, mtu wa macho na mtu wa mifupa.

Hapo alikutana na maradhi ambayo mkazi wa Pwani ya Tanzania hahitaji kuelezwa: mabusha. Aliwapasua wanaume wengi, na kama wapasuaji wengine angeweza kuishia hapo. Badala yake alianza kuandika kila mgonjwa ametoka wapi.

Orodha ilipokuwa ndefu, alibaini jambo. Wagonjwa wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi walikuwa wachache mno, ingawa watu ni walewale na chakula ni kilekile. Maradhi hayo yalikuwa na mipaka, kama ndege wa baba yake. Leo inafahamika kuwa mabusha ya aina hiyo hutokana na minyoo inayosambazwa na mbu.

Uchunguzi huo haukumpa umaarufu, bali ulimfundisha kuuliza swali ambalo wapasuaji wengi huliona si lao, yaani kwa nini mgonjwa huyu ametoka kijiji hiki na si kile.

Baadaye alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko, mbali na upasuaji wa kila siku, alijishughulisha pia na viungo bandia vya gharama nafuu kwa ajili ya waliokatwa miguu na walioathiriwa na polio. Aliamini kwamba kazi ya daktari haimaliziki pale kidonda kinapopona, bali pale mgonjwa anapoweza tena kutembea na kufanya kazi zake.

Mtoto mwenye uvimbe pande nne

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita katika wodi ya watoto Mulago amtazame mvulana wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote nne: taya ya juu kulia na kushoto, na ya chini vilevile. Meno yalikuwa yanalegea na kupinda.

Burkitt alistaajabu. Usaha ungeweza kuvimbisha upande mmoja wa taya, na saratani ya mfupa pia. Lakini ni ugonjwa gani unaoshambulia pembe nne kwa mpigo? Hakuwa na jibu, na mtoto yule alifariki dunia.

Wiki chache baadaye, akiwa Jinja kwa ziara ya kikazi, alimwona mtoto mwingine amekaa na mama yake katika viwanja vya hospitali, uso wake ukiwa umevimba vilevile. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia.

Aliporejea Kampala alianza kupekua majalada ya wagonjwa. Alikuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya ambao pia walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au sehemu nyingine za mwili. Kila mtaalamu alikuwa ameandika kile alichokiona kwa upande wake. Aliyeona taya aliuita saratani ya taya, na aliyeona figo akauita saratani ya figo.

Burkitt aliviweka vipande hivyo pamoja. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza akieleza kwamba hayo yote ni maradhi ya namna moja. Makala hiyo ilipita karibu kimyakimya.

Wataalamu wa maabara wa Kampala, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, waliendelea kuchunguza vinyama vilivyokatwa kutoka kwa wagonjwa. O'Conor alithibitisha kuwa saratani hiyo haikuanzia kwenye mfupa wala kwenye jino, bali ilitokana na seli za kinga za mwili, zile za mfumo wa limfu.

Kisu chashindwa

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka taya ni nini. Ni mfupa unaoshikilia meno, lakini pia ndio unaoubeba ulimi, unaoipa midomo umbo na unaoiwezesha koo kumeza. Mtu aliyeondolewa sehemu kubwa ya taya ya chini hutokwa mate, hushindwa kutafuna ugali, hutamka maneno kwa shida, na uso wake huporomoka upande mmoja. Aliyeondolewa ya juu huweza kubaki na uwazi kati ya kinywa na pua, chakula kikatokea puani.

Kwa mpasuaji wa miaka ya 1950, uvimbe wa taya ulikuwa na tiba moja, nayo ni kuukata. Burkitt alifanya hivyo. Lakini alichokiona kilimuumiza. Watoto walipoteza nyuso zao, na bado walifariki ndani ya wiki au miezi michache kwa kuwa uvimbe uliota tena au ulikuwa tayari tumboni.

Mionzi, ambayo hospitali za Ulaya zingeijaribu, haikuwapo Uganda. Kwa hiyo mpasuaji huyo alikuwa na njia mbili: kuendelea kukata akijua haisaidii, au kuuliza upya ugonjwa huu ni nini na unatoka wapi. Alichagua kuuliza.

Safari ndefu ya 1961

Kwa ruzuku ya paundi chache, alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvisambaza katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Aliwauliza madaktari jambo moja tu, kama wamewahi kuuona ugonjwa huo.

Majibu yaliporudi alibandika alama kwenye ramani ukutani. Ukajitokeza ukanda uliokatiza katikati ya Afrika, na mkia wake ukashuka kwa upande wa mashariki kuelekea kusini. Ndani ya ukanda ugonjwa ulijulikana sana, nje yake ulikuwa haupo. Burkitt alitaka kuuona ukingo wa ukanda huo kwa macho yake.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, wote wakiwa madaktari. Williams alifahamu pia ufundi wa magari, na hilo lilikuwa la lazima, kwani gari lao la Ford lilikuwa limenunuliwa mtumba kwa paundi 250.

Waliendesha kwa takriban wiki 10 na kukamilisha maili zipatazo 10,000, sawa na kilometa 16,000, kupitia Tanganyika na nchi za kusini mwake hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50. Tanganyika wakati huo ilikuwa imebakiza wiki chache tu kabla ya Uhuru wa Desemba 9.

Hawakubeba mashine yoyote ya kisasa. Walibeba picha. Katika kila hospitali waliwaonyesha madaktari, wauguzi na waganga wasaidizi, wakauliza, wakaandika. Mara nyingi jibu la maana lilitoka kwa mtu asiyekuwa na cheo kikubwa, ambaye alikuwa amekaa kituoni miaka mingi na kuwakumbuka wagonjwa wake.

Walichokigundua kilikuwa cha ajabu. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulitoweka katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoelekea kusini, mpaka huo ulishuka, hadi ukafikia mita 300 hivi katika maeneo ya mbali kusini.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba kimo chenyewe ndicho kinachozuia ugonjwa. Baadaye, kwa msaada wa Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ilibainika kuwa ni joto. Ugonjwa haukuonekana palipo na baridi kali za usiku, na mvua nayo ilihusika, kwani maeneo makavu hayakuwa nao.

Kwa kipimo hicho, Kibaha na Kisarawe zote mbili zimo ndani ya hali ya hewa ya ukanda huo. Hata vilima vya Pugu, ambavyo mji wa Kisarawe umekaa juu yake, viko chini mno kuukaribia mpaka wa baridi.

Mbu na virusi

Mahali penye joto na mvua ni mahali penye mbu. Ramani ya Burkitt ilifanana na ramani za maradhi yanayosambazwa na wadudu hao, na wanasayansi wakaanza kumtafuta mhalifu.

Miezi kadhaa kabla ya safari, Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti kijana wa virusi. Epstein aliamini papo hapo kwamba saratani yenye mipaka ya hali ya hewa huenda inasababishwa na kiini kinachoambukiza.

Wawili hao walikubaliana. Vipande vya uvimbe vikawa vinatolewa Mulago na kusafirishwa kwa ndege hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili havikuonyesha kitu.

Mwishoni mwa mwaka 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London na kupelekwa Manchester. Sampuli ilifika imechelewa, maji yake yakiwa yamechafuka kiasi cha kutaka kutupwa. Kumbe uchafu huo ulikuwa seli hai za saratani zilizojitenga na kuanza kuelea. Seli hizo ndizo zilizokubali kukuzwa maabara.

Mwaka 1964, Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona virusi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Ni virusi vinavyojulikana leo kama Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo virusi pekee havikutosha kueleza ramani. Watu wengi duniani wanavyo, na hupatikana kwa njia ya mate tangu utotoni. Kilichokosekana kilikuwa malaria. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba malaria ya mara kwa mara huchosha na kuvuruga kinga ya mtoto, na virusi vikapata mwanya wa kuzichochea seli hadi zikageuka saratani.

Tanzania ilichangia kulichunguza jambo hilo. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa North Mara walipewa dawa ya klorokwini ili kuona kama kupungua kwa malaria kungepunguza saratani hiyo. Matokeo hayakutosha kuufunga mjadala, kwa kuwa idadi ya wagonjwa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa kugawiwa.

Dawa badala ya kisu

Wakati maabara zikitafuta chanzo, Burkitt hakuacha kuwatafutia tiba watoto waliokuwa wodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa Marekani, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, walishirikiana naye kujaribu dawa za saratani ambazo wakati huo zilikuwa changa.

Methotreksati ilianza, kisha siklofosfamidi na vinkristini. Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho na kuujaza mdomo ulisinyaa ndani ya siku chache. Saratani inayokua kwa kasi kubwa ilionekana pia kuyeyuka kwa kasi kubwa.

Wapo watoto waliopona moja kwa moja baada ya dozi chache tu, bila kisu na bila mionzi. Katika miaka ambayo madaktari wengi waliamini kuwa saratani haiponi kwa dawa, wodi ya Mulago ilikuwa na ushahidi uliokuwa ukicheza uwanjani.

Jambo la furaha zaidi lilikuwa lile lililotokea ndani ya kinywa. Kwa kuwa saratani ilikuwa imeusukuma mfupa bila kuuondoa wote, ilipotoweka mfupa ulijijenga upya. Uso ulirejea katika umbo lake. Mtoto alitafuna, akaongea, akacheka.

Mwaka 1967, kituo cha tiba ya saratani hiyo kilifunguliwa Mulago, kikiongozwa na John Ziegler kutoka Marekani. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Taya isipookolewa

Si kila uvimbe wa taya, hata hivyo, unaoyeyuka kwa dawa. Upo uitwao ameloblastoma, unaotokana na tishu zinazotengeneza meno. Huu hukua polepole na kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini huutafuna mfupa kidogo kidogo hadi taya inakuwa ganda. Huwapata zaidi vijana na watu wazima, na madaktari wa kinywa nchini Tanzania wanaufahamu sana.

Tiba yake mara nyingi ni ileile aliyoikimbia Burkitt: kukata taya. Tofauti ni kwamba leo kukata si lazima kuwe mwisho.

Mlango huo ulifunguliwa na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 1952, akichunguza mfupa wa sungura, aliingiza kifaa kidogo cha madini ya titani. Alipotaka kukitoa kilikataa, kwani mfupa ulikuwa umekishika na kukifanya sehemu yake. Mwaka 1965 aliweka vipandikizi vya titani katika taya ya mgonjwa wa kwanza, ambaye alivitumia kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa aliyekatwa taya, kazi huwa ya hatua nyingi. Kwanza pengo huunganishwa kwa bamba la chuma lenye skrubu. Kisha huchukuliwa mfupa wa nyonga, au ule mwembamba wa mguuni, ukachongwa na kupandikizwa mahali pa taya. Mfupa ukishashika, ndipo vipandikizi vya titani hupigiliwa ndani yake na kusubiriwa kwa miezi kadhaa. Mwisho meno hufungwa juu yake.

Meno bandia ya kawaida hukaa juu ya fizi na hushikiliwa na umbo la taya. Aliyekatwa taya hana umbo hilo, hivyo meno yake huelea na kumwangusha mezani. Vipandikizi huyapa mzizi. Ndiyo tofauti kati ya kunywa uji kwa mrija na kutafuna nyama.

Lakini tiba hiyo ina masharti mawili makubwa. La kwanza ni gharama, ambayo kwa mwananchi wa kawaida bado ni mlima. La pili ni umri. Taya ya mtoto inakua, kipandikizi hakikui, kwa hiyo madaktari kwa kawaida husubiri hadi ukuaji umalizike.

Mtoto wa miaka sita aliyeondolewa taya angelazimika kusubiri miaka 10 na ushei kabla ya kuwekewa meno ya kudumu, akiwa amepita shule nzima ya msingi na sekondari na uso uliopinda. Hapo ndipo thamani ya taya iliyookolewa kwa dawa inapoonekana kwa ukamilifu wake.

Miaka ya mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kurejea Uingereza. Wengi walidhani amemaliza, lakini alianza upya.

Kwa mbinu ileile ya maswali na ramani, alijiuliza kwa nini maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Ulaya hakuyaona Afrika. Akahitimisha kuwa ni ukosefu wa makapi katika chakula: nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga na matunda. Kampeni yake ya nyuzinyuzi ilibadili vifungua kinywa vya mamilioni ya watu, na kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu suala hilo kilisomwa kote duniani.

Baadhi ya wanasayansi walimlaumu kwa kurahisisha mno jambo hilo, na sehemu ya madai yake haikuthibitika kama alivyoyatoa. Lakini ushauri wa kula vyakula hivyo umebaki.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa mchango wao katika tiba ya saratani kwa dawa. Aliacha mjane na mabinti watatu.

Kutoka Kibaha hadi Kisarawe

Mkoa wa Pwani una alama zake katika simulizi hii, ingawa wengi huzipita bila kuziona.

Shirika la Elimu Kibaha lilizaliwa kutokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordic, Sweden ya Brånemark ikiwa mojawapo. Shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima vilijengwa mahali pamoja, na mwaka 1970 vikakabidhiwa kwa Tanzania. Hospitali ya Tumbi imekulia katika mzizi huo.

Kibaha hiyohiyo, mwaka 2015, kilizinduliwa kiwanda cha kutengeneza viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, kwa teknolojia ya Cuba. Bagamoyo nako, ndani ya mkoa huohuo, kulifanyika sehemu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake kwa watoto mwaka 2021.

Anayepambana na mbu huhesabu homa zilizozuiwa. Kwa mujibu wa kile kilichoanzishwa na ramani ya Burkitt, huenda anazuia na uvimbe wa taya pia.

Kilichobaki ni muda. Kutoka Kibaha au Kisarawe hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ni chini ya kilometa 50, umbali ambao gari kuukuu la mwaka 1961 lingeumaliza asubuhi moja. Hata hivyo mtoto huweza kuzungushwa kwa wiki nyingi. Jino linang'olewa, uvimbe haupungui, linang'olewa la pili, dawa za mitishamba zinajaribiwa, na saratani inayokua usiku na mchana haisubiri.

Jino la mtoto linapolegea si kwa wakati wake, na uvimbe ukabaki hata baada ya kung'olewa, mahali pa kwenda ni hospitali yenye uwezo wa kukata kinyama na kukipima. Burkitt alizunguka kilometa 16,000 akiwaomba wahudumu wa vituo vidogo waitazame picha ya uso uliovimba na kukumbuka kama wamewahi kuuona. Mhudumu wa zahanati anayeikumbuka picha hiyo leo, na kumwandikia mtoto rufaa siku hiyohiyo, anaweza kumwokolea taya yake na uhai wake.